Chungu Chini ya Pijo

Kona ya tatu kupanda kutoka Mai Mahiu kuelekea Limuru, Pijo niliyoachiwa na baba, Peugeot 504, ilikata pumzi. Haikuzima. Ilishtuka, ikamisi mara mbili, ikaguguma kama mtu aliyepaliwa, halafu kona ilipokwisha ikarudiwa na nguvu zake. Nyuma yangu lori lilikuwa limenibana na dereva wake anapiga honi bila kupumzika. Upande wa kulia, ng'ambo ya barabara, ulikuwa ukingo, na chini yake Bonde la Ufa limetandazwa juani mpaka macho yanapoishia. Geji ya petroli ilisoma robo tangi. Kona iliyofuata ya kulia, gari likapaliwa tena. Ya kushoto likapita salama. Ya kulia, likapaliwa.

Barabara ile ilichongwa na wafungwa wa kivita wa Kiitaliano wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, na mimi nimeipanda ndani ya gari hilo hilo tangu nikiwa mtoto wa kukalishwa kiti cha nyuma na kuambiwa nisichezee mlango. Sikumbuki hata siku moja likikohoa pale. Lakini wakati huo lilikuwa na kabureta.

Miezi miwili kabla ya safari hiyo nilikuwa nimelipeleka gereji moja ya Nairobi litiwe injekta za umeme. Sababu zangu zilikuwa za kawaida. Nilitaka liwake asubuhi ya Julai bila kubembelezwa na choki, linywe mafuta kwa adabu, na lisiniumbue tena kwenye joto la Mtito Andei, pale ambapo zaidi ya mara moja nimesimama kando ya njia nikimwagia maji kitambaa kilichofungwa kwenye pampu ili petroli iache kuchemka ndani yake. Gereji ile ilinirudishia gari lenye kompyuta nzuri, sensa mpya na reli ya injekta inayong'aa. Pampu walikuwa wameifunga mbele, chini ya boneti, karibu na betri. Petroli ilikuwa ikivutwa kutoka tangi la nyuma kupitia bomba lile lile jembamba lililokuja na gari.

Aliyenionyesha kosa ni mzee mmoja fundi wa Eneo la Viwandani, ambaye alianza kushika spana enzi za Peugeot 404. Alifungua boneti, akatazama pampu ilipofungwa, akaifunga boneti bila kugusa kitu. Kisha akalala chini ya gari upande wa nyuma akiwa na tochi. Alipotoka alikuwa anatikisa kichwa.

“Kijana, walikuondolea mtungi,” akasema. “Wala hawakukuwekea mwingine.”

“Mtungi gani, mzee?”

Akaingia stoo, akarudi na kabureta kuukuu, akaifungua juu ya benchi. Akanionyesha bakuli lake, dogo kama kikombe cha kahawa, na boya linaloelea ndani yake. Petroli ikishuka bakulini, boya linashuka nayo, sindano inafunguka, pampu inajaza. Bakuli likijaa, boya linapanda na kufunga mlango. Pampu ya zamani, ile inayosukumwa na kamshafti ya injini, huleta petroli kwa presha ndogo sana, kama robo bari tu, na haileti zaidi ya ile inayochomwa. Ikileta mapovu, mapovu yanapanda juu ya bakuli na kutokea kwenye tundu la hewa. Ikikosa kuleta chochote kwa sekunde chache kwa sababu petroli imekimbilia upande mmoja wa tangi kwenye kona, injini haijui. Inakunywa akiba ya bakuli mpaka kona iishe.

Nilisimama pale nikiitazama ile kabureta kwa macho mengine. Miaka yote nimeiona kama kifaa cha kuchanganya petroli na hewa, kifaa cha kizamani kinachosubiri kung'olewa. Kumbe ilikuwa pia ghala, ikinifichia makosa ya tangi, ya pampu, ya mabomba na ya joto. Ukiing'oa, makosa yote hayo yanaamka siku moja. Naandika makala haya kwa sababu naona vijana wengi wenye magari ya zamani wakikimbilia kompyuta na injekta, wakiuliza programu gani ni bora, huku swali la jinsi petroli itakavyofika mbele likiachwa liwe la mwisho. Hilo ndilo swali la kwanza. Na ndilo linaloweza kuunguza gari na mtu aliye ndani yake.

Injekta ni mlango mdogo unaofunguliwa kwa umeme kwa sehemu chache za elfu za sekunde, kisha unafungwa. Kompyuta haipimi petroli inayopita. Inapima muda tu. Inaamini kwamba nyuma ya mlango ule petroli ipo, haina hewa, na presha yake haibadiliki. Kwa mifumo mingi ya injekta moja kwa kila silinda, presha hiyo ni bari 3, yaani zaidi ya mara 10 ya ile iliyozoewa na kabureta. Presha ikishuka ghafla kutoka bari 3 hadi 1 na nusu, petroli inayopita kwa muda ule ule inapungua kwa karibu asilimia 30. Likipita povu la hewa, silinda inapata hewa tupu. Kompyuta inaendelea kuhesabu kwa imani, na dereva anasikia gari likipaliwa kwenye kona.

Injekta zenyewe si ngeni kwa Pijo, na hili wengi wamelisahau. Mwaka 1966 na 1967 Bert Shankland, dereva kutoka Tanzania, alishinda Safari Rally mara mbili mfululizo kwa Peugeot 404 yenye injekta. Mwaka uliofuata Nick Nowicki akashinda kwa 404, katika mashindano ambayo matope yalimeza karibu kila kitu na magari 7 tu ndiyo yaliyofika mwisho. Kisha 504, iliyotolewa mwaka 1968 na kutajwa Gari la Mwaka la Ulaya mwaka 1969, ikaichukua Safari ya 1975 mikononi mwa Ove Andersson. Injekta za magari hayo hazikuwa na kompyuta. Zilikuwa kazi ya Kugelfischer wa Ujerumani: pampu ya chuma iliyozungushwa na injini, yenye pistoni moja kwa kila silinda, ikipima petroli kwa ufundi wa mashine tupu. Pamoja na ufundi wote ule wa mbele, Wafaransa waliweka pampu ya umeme nyuma, karibu na tangi, ya kuisukumia petroli. Waliosanifu gari hili walijua zaidi ya miaka 50 iliyopita kile ambacho gereji yangu haikukijua.

Pampu ya presha kubwa ni hodari wa kusukuma na dhaifu wa kuvuta. Ikilazimishwa kuvuta kupitia mita tatu za bomba jembamba, presha ndani ya bomba hilo inashuka chini ya ile ya hewa ya nje, na petroli, ambayo sehemu zake nyepesi huanza kuchemka kwenye joto la nyuzi thelathini na kitu, inageuka mvuke njiani. Pampu inatafuna mvuke badala ya petroli, inalia, inapata moto, inakufa kabla ya siku zake. Sisi wa bara tuna tatizo la ziada. Nairobi iko kwenye kama mita 1,795 juu ya usawa wa bahari, na hewa yake inabana pungufu kwa karibu moja ya tano ukilinganisha na ya Mombasa. Sufuria ya maji inachemka mapema hapa kuliko pwani, kila mpishi anajua. Petroli nayo vivyo hivyo. Ukifika kilele cha Limuru, juu ya mita 2,000, unaivuta petroli kwenye hewa nyepesi zaidi, na injini imetoka kupanda mlima na ina joto kali.

Isitoshe, pampu hii haivuti kile kinachochomwa tu. Inazungusha. Inatoa petroli nyuma, inaipeleka mbele kwenye reli, na ile isiyotumika inarudishwa tangini kwa bomba la pili ambalo mafundi wanaliita ritani. Injini ikiwa inanguruma tu pale taa nyekundu za Westlands, inatumia kama lita moja kwa saa. Pampu inazungusha mia moja na zaidi. Zote zinavutwa kupitia bomba lile.

Mzee alinipa penseli tukapiga hesabu. Injini ya 504 ya sentimita za ujazo 1,971 yenye kabureta ina nguvu za farasi 90 na ushee. Mkanyago ukiwa chini kabisa, kila nguvu ya farasi inakula kama gramu 225 za petroli kwa saa. Kwa farasi 95 unapata kilo 21 na nusu, sawa na lita 29 hivi. Hapo ni pale gari linapotumia nguvu zake zote, jambo ambalo 504 ya kifamilia hulifanya kwa nadra. Pampu inayotoa lita 100 kwa saa kwenye presha ya bari 3 inatosha na kubaki. Ile niliyofungiwa, ambayo baadaye tuliibadilisha kwa ya saizi hiyo, ilikuwa ya lita 255, aina inayopendwa na wenye magari ya mbio. Mtu anadhani akinunua kubwa amejilinda. Kumbe ziada yote ile inazunguka bure, inapita juu ya injini ya moto, inarudi tangini ikiwa na joto, mpaka baada ya saa mbili za safari unaendesha gari lenye tangi la petroli vuguvugu. Hesabu hiyo hiyo ilitupa saizi ya injekta: lita 29 ukigawa kwa silinda nne, na kuacha nafasi ili injekta isifanye kazi zaidi ya asilimia 80 ya muda wake, ni kama mililita 150 kwa dakika. Injekta nyingi za magari madogo ya Japani zinaangukia hapo au juu kidogo, na ndizo zilizojaa kwenye maduka ya spea za mitumba ya Barabara ya Kirinyaga.

Sasa tangi. Tulilishusha siku ya Jumamosi. Mzee aliweka shuka jeupe juu ya karai, akamimina mabaki ya petroli taratibu kupitia shuka hilo. Kilichobaki kwenye kitambaa kilikuwa tope jekundu, laini kama unga wa mtama, na ndani yake vipande vya kutu vyembamba kama magamba ya samaki. Alichukua tope kidogo kwa ncha ya kidole, akalipaka kwenye ukucha wa gumba, akaniambia nitazame. “Kabureta ilikuwa inalimeza hili. Injekta haitalimeza.” Tundu la kabureta unaweza kuliona kwa macho na kulizibua kwa pumzi, njia za injekta ni nyembamba mno kwa hilo. Ndiyo maana machujio yanatakiwa mawili: moja lenye matundu makubwa, kama mikroni 100, kabla ya pampu, ili lisiizuie kuvuta, jingine la mikroni 10 baada ya pampu, ili likamate vumbi la mwisho kabla ya reli. Ukilibadilisha hilo la mikroni 10 na kuliweka kabla ya pampu, umeifunga pampu pua.

Tangi lilifuliwa kwa maji, sabuni na kokoto, likatikiswa na vijana wawili kwa zamu mpaka maji yakatoka meupe. Halafu kijana mmoja, kwa nia njema kabisa, akauliza kama alete mashine ya kuchomelea ili tutoboe tundu jipya la ritani tulichomelee mdomo.

Mzee alimshika mkono. Sikuwahi kumsikia akipandisha sauti kabla ya hapo. Tangi lililowahi kubeba petroli halichomelewi kwa sababu tu linaonekana tupu. Lililojaa pomoni lina petroli isiyo na nafasi ya hewa; tupu ndilo lenye mvuke uliochanganyika na hewa, na mvuke ukifika kati ya asilimia 1.4 na 7.6 ya hewa iliyomo, cheche moja inatosha. Mvuke huo hujificha kwenye mikunjo ya bati, ndani ya kutu, na kuanza kutoka tena pale bati linapopashwa moto. Tena ni mzito kuliko hewa, kwa hiyo unatambaa sakafuni mpaka kwenye jiko la muuza chai wa jirani. Wapo mafundi wanaojua kulisafisha tangi kwa mvuke wa maji, kulijaza maji au gesi isiyoungua, na kulichomelea salama. Kama huyo siye unayemlipa, usimruhusu mtu akusaidie kwa nia njema.

Njia aliyoichagua mzee haikuhitaji moto karibu na tangi. Juu ya tangi kuna kibao cha chuma kinachoshika floti ya geji. Alikifungua, akakiosha, akakipeleka benchi mbali na pale, na ndiko alikochomelea mdomo wa ritani kwa shaba: bomba linaloshuka mpaka karibu na sakafu ya tangi, upande wa mbali na mahali petroli inaponyonywa. Likiishia juu, petroli inayorudi itamwagika kama maporomoko na kutengeneza mapovu ambayo pampu itayavuta tena. Na ritani isibanwe popote. Ikibanwa, presha ya reli inapanda bila amri ya mtu.

Kisha akanijengea mtungi wangu mpya. Yeye anauita chungu, na gereji nzima wanaita hivyo. Ni silinda ya alumini yenye ujazo wa lita moja, imesimama wima, ina midomo minne. Pampu ndogo ya umeme ya presha ya chini, aina ya magari ya kabureta, inavuta kutoka tangi na kujaza chungu kupitia mdomo wa juu. Mdomo wa pili wa juu kabisa ni wa kufurikia: hewa yote na petroli ya ziada inatoka hapo kurudi tangini. Mdomo wa chini unailisha pampu kubwa, ambayo imefungwa chini zaidi ya chungu ili petroli iiangukie yenyewe bila kuvutwa. Mdomo wa nne unapokea ritani kutoka mbele. Pampu ndogo ikivuta hewa kwenye kona, inajaza hewa juu ya chungu, na hewa hiyo inatoka ilikotakiwa kutokea. Pampu kubwa iko chini, inakunywa petroli tupu. Kwa kuwa kinachozungushwa kinarudi chunguni, kinachopungua ni kile kinachochomwa tu. Lita moja, kwa ulaji wa lita 29 kwa saa, ni dakika mbili za nguvu zote. Hakuna kona ya dakika mbili nchini Kenya.

Zipo njia nyingine, na si lazima chungu. Magari ya leo yana pampu ndani ya tangi, ndani ya kikombe cha plastiki kinachofanya kazi hiyo hiyo, na petroli inayoizunguka inaipoza na kuinyamazisha. Ukipata tangi unaloweza kulifungua juu na kulirekebisha kwa usalama, hiyo ndiyo njia bora kwa maoni yangu. Nilichagua chungu kwa sababu sikutaka kulikata tangi la baba. Kila kitu tulichokifungua, kabureta, pampu ya zamani, hata vibano vya mabomba, kimo kwenye sanduku lenye maandishi. Atakayerithi gari hili akitaka kulirudisha lilivyokuwa, ataweza.

Chungu tulikifunga nje, chini ya sakafu, upande usiopita ekzosi, mahali palipokingwa na chuma cha bodi na mbali na bampa. Nimeona magari ambayo chungu kimefungwa ndani ya buti, bila ukuta kati yake na abiria. Mwenye gari kama hilo na asome sentensi hii mara mbili: mpira ukivuja ndani ya buti, mvuke unaingia alikokaa mwanao.

Mipira ndiyo niliyoidharau zaidi. Kwangu mpira wa petroli ulikuwa mpira wa petroli. Mzee alikata kipande cha ule niliofungiwa akanionyesha maandishi ubavuni: 30R7. Huo umetengenezwa kwa presha ya chini, ya magari ya kabureta. Wa injekta huandikwa 30R9. Ule unaozama ndani ya petroli, kama unaounganisha pampu ndani ya tangi, ni 30R10, kwa sababu wa kawaida umewekewa kinga ndani tu, na ukilowa nje unaoza. Vibano navyo vina tofauti. Vile vyenye mikato ya skurubu hukaza kwa kung'ata mpira. Kwenye robo bari haidhuru, kwenye bari 3 vinaukata taratibu. Vya injekta vina ukanda mzima wenye kingo zilizokunjwa, na vinakaza kwa usawa. Mwisho wa bomba la chuma nao uwe na mwinuko mdogo wa mduara ili mpira usichomoke. Mabomba marefu ya chini ya gari tuliweka ya chuma, ya milimita 8, kwenda na kurudi. Shaba tupu inavutia kwa sababu inakunjika kwa mkono, lakini kwa mitetemo inakakamaa na kupata ufa. Presha ya kabureta ikivuja inadondosha tone. Bari 3 zikivuja zinapuliza ukungu wa petroli juu ya ekzosi.

Mbele kabisa, baada ya reli, kinakaa kidhibiti presha. Kina kiwambo na springi, na mpira mwembamba unaokiunganisha na manifoldi. Injini ikinguruma polepole, manifoldi inavuta kwa nguvu, na injekta ingetoa petroli nyingi kuliko inavyodhani kompyuta. Kidhibiti kinalegeza presha mpaka kama bari 2 na nusu. Ukikanyaga, mvuto unakwisha na presha inarudi 3. Kwa hiyo sindano ya geji inayoyumba kati ya hizo mbili kwa kufuata mguu wako si ugonjwa. Ugonjwa ni inaposhuka huku umekanyaga.

Umeme nitausema kwa ufupi. Pampu ilishwe na rilei yenye fyuzi yake, kwa waya mnene unaotoka betri moja kwa moja, na ardhi yake iwe safi; kwangu waya wa zamani ulikuwa ukipeleka volti 11 na kidogo mahali ambapo sasa zinafika 13. Rilei hiyo iamrishwe na kompyuta, isifungwe kwenye swichi ya gari. Kompyuta huiwasha pampu kwa sekunde mbili tatu ukifungua swichi, kisha huizima mpaka isikie injini inazunguka. Injini ikizimika kwenye ajali, pampu nayo inazimika. Juu ya hapo tuliongeza swichi ya mgongano, ile ya kijisanduku chenye kipira ndani kinachoruka gari likigonga na kukata umeme wa pampu. Inapatikana kwenye magari chakavu ya Ford, na haina bei ya kumtisha mtu.

Kabla injini haijawashwa, tuliziendesha pampu peke yake. Mtungi wa kuzimia moto ulikuwa wima karibu na gurudumu la mbele, betri imefunikwa, hakuna simu wala sigara. Kijana mmoja alishika tochi, mimi karatasi ya chooni nyeupe, tukapita kila kiungo kuanzia tangi hadi reli, kukigusa kwa karatasi na kuitazama. Kiungo kimoja chini ya chujio kililowesha. Tukakifungua, tukakuta nyuzi za mpira zimejikunja, tukaukata upya. Kisha ritani ikatolewa ikatiwa kwenye galoni kwa nusu dakika, tukapima: ilitoka kidogo zaidi ya lita 0.9, sawa na kama lita 110 kwa saa kwa presha ya bari 3.

Wiki iliyofuata tulirudi Mai Mahiu. Geji ya presha tuliifunga nje ya kioo, chini ya waipa, maana bomba lenye petroli haliingizwi ndani ya gari hata kwa jaribio. Tangi tuliliacha robo kwa makusudi. Mzee alikaa kando yangu, miwani imeshuka puani, macho kwenye sindano. Kona ya kwanza ya kulia ikapita. Ya pili. Kwenye ya tatu palikuwa na lori tena, safari hii mbele yetu, likipanda kwa gia ya kwanza na moshi mweusi. Nikasubiri nafasi, nikakanyaga, na sindano ikapanda ikasimama kwenye 3 wakati gari lote limelalia upande wa kushoto. Haikutikisika. Nyuma, chini ya sakafu, niliisikia pampu ndogo ikibadilisha sauti kwa sekunde moja ilipokamata hewa, kisha ikarudi kwenye mlio wake.

“Umeisikia?” mzee akauliza.

“Nimeisikia, mzee.”

Hakusema zaidi. Tulipofika juu, kwenye vibanda vya wauza ngozi za kondoo, aliniomba nisimamishe. Akashuka, akapiga magoti kwenye changarawe akiwa na suruali yake nzuri ya Jumapili, akaingiza kichwa chini ya gari, akavuta pumzi ndefu kwa pua.